Tathmini za bidhaa mtandaoni: nani hasa alikuwa akinilipa?

Malipo yangu ya kwanza ya kuandika tathmini za bidhaa mtandaoni yasingetosha kununua betri za kifaa nilichokuwa nimekiandikia. Niliupakia upya ukurasa wa akaunti nikidhani namba haijamaliza kufunguka. Ilikuwa imemaliza. Na hata hicho kidogo sikuweza kukitoa, kwa sababu jukwaa lilikuwa na kiwango cha chini cha kutoa pesa, na salio lisipokifikia hela inabaki kuwa ya kutazama tu.

Tangu wakati huo nimeipitia kazi hii karibu kwa kila mlango wake: majukwaa yanayolipa kwa kusomwa, bidhaa za bure, linki za kamisheni, na kuandikia tovuti za watu kwa ujira. Wanaoniomba ushauri huanza na swali lilelile, inalipa kiasi gani? Siku hizi nawarudishia swali jingine: nani anayelipa, na analipia nini hasa? Kila mlango una mlipaji wake, na mlipaji huyo hukaa nawe mezani unapoandika, umwone usimwone.

Nilianzia kwenye jukwaa lililowalipa waandishi kadiri tathmini zao zilivyosomwa. Wazo lenyewe lilikuwa na wazee wake. Epinions ilianzishwa Marekani mwaka 1999, na Ulaya mwaka huohuo ikazaliwa Ciao. Zote mbili ziliwavuta watu wa kawaida waandike kuhusu vitu walivyonunua, kisha zikawagawia chochote. Epinions ndiyo iliyokuwa na fikra ninayoipenda mpaka leo. Ilitenga sehemu ya mapato yake na kuwagawia waandishi kulingana na jinsi tathmini zao zilivyomsaidia mnunuzi kuamua, awe ameamua kununua au ameamua kuacha. Yaani tathmini iliyomwepusha mtu na kifaa kibovu nayo ilihesabiwa. Lakini Epinions iliacha kupokea tathmini mpya mwaka 2014, na jumuiya ya Ciao ikafungwa mwaka 2018. Mengi yaliyokuja baadaye hulipa pale tu mtu anapofungua pochi, na tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyoiharibu biashara hii kuliko kitu kingine chochote.

Kwenye jukwaa langu, kanuni ya kugawa fedha ilikuwa siri ya wenyewe, na penye siri watu hubuni zao. Waandishi wakaunda vikundi vya nisomee nikusomee: fungua zangu, nifungue zako, kila mmoja amwekee mwenzake alama ya kwamba amesaidika sana. Jioni nzima ingeishia kwenye kusoma habari za pasi, magodoro na sabuni za mtu ambaye naye hana haja hata chembe na mashine yako ya kunyolea. Uchovu unaoupata ni uchovu halisi wa kazi, ndiyo maana inachukua muda kugundua kwamba hakuna mnunuzi hata mmoja aliyepita hapo. Tulikuwa tunasomana sisi kwa sisi.

Jukwaa lilipofungwa, waliofikia kiwango walitoa salio lao na wengine wakabaki na namba. Mimi huandika kwanza kwenye faili langu, tabia niliyotoka nayo kwenye kazi nyingine, kwa hiyo maandishi yangu yalisalimika. Mwenzangu mmoja, mwandishi mzuri kunizidi, alizoea kuandika moja kwa moja kwenye kisanduku cha jukwaa. Ilipofika siku ya mwisho alikuwa safarini. Kazi yake ya miaka, pamoja na picha, ilikwenda na maji. Kabla hujajisajili popote, tafuta mambo matatu kwenye masharti yao: kiwango cha chini cha kutoa pesa, nani anayamiliki maandishi yako ukishayabandika, na kama njia wanayolipia inafanya kazi katika nchi unayoishi. La tatu watu hulikuta mwishoni, salio likiwa limeshajaa.

Mlango wa pili unapendeza ukiutazama kwa nje, maana unaletewa vitu. Mpango unaojulikana zaidi ni Vine wa Amazon, ulioanza mwaka 2007. Hujiombei kuingia, unaalikwa. Unachagua bidhaa, unaletewa bure, unaandika unavyoiona. Fedha taslimu hakuna. Kwa walio Marekani, thamani ya vitu hivyo huhesabiwa kuwa kipato, na mamlaka ya kodi haipokei vitu, inataka hela. Mtu anaweza kujikuta anadaiwa kodi ya printa ambayo hata hakuihitaji.

Mimi vya bure vilinijia kutoka kwa wauzaji wadogo wenyewe, walioona tathmini zangu wakaniandikia. Mwanzoni unajiona umefika. Maboksi yanakuja: taa za mezani, vishikio vya simu, nyaya za kuchajia, nyaya nyingine tena za kuchajia. Droo zikajaa. Kodi ya nyumba ikabaki palepale, kwa kuwa mwenye nyumba hapokei nyaya. Na kulikuwa na jambo jingine lililonichukua muda kulitia maneno. Kitu ulichopewa hukiangalii kama kitu ulichokitolea jasho. Waya ulioununua kwa hela yako ukikatika baada ya miezi mitatu, unakasirika, na hasira hiyo ndiyo taarifa anayoihitaji mnunuzi. Wa bure ukikatika unavuta mwingine kwenye droo na kuendelea na shughuli zako. Hakuna aliyenilazimisha kusifu. Nililainika tu, kidogo kidogo, mpaka siku niliposoma tathmini zangu za mwezi mzima mfululizo nikakuta zote zinamalizikia kwa "inafaa kwa bei yake", wakati bei yenyewe sikuilipa.

Nyuma ya wauzaji hao huja wengine wa aina tofauti. Ujumbe wao unafanana hadi nukta: nunua bidhaa yetu kwa hela yako ili ionekane mauzo halali, weka nyota tano, tutumie skrini shoti, tutakurudishia fedha yote na asante juu yake. Baadhi huongeza sharti kwamba usitaje popote kuwa umerudishiwa. Kibaya chajitembeza, na hiki kilitembea hadi kwenye baruapepe yangu karibu kila wiki. Mtu niliyefahamiana naye kwenye kazi hii alikubali michache, akarudishiwa kweli, akanogewa, akanunua kifaa ghali zaidi. Muuzaji akatoweka. Angemshtaki kwa nani? Muda si mrefu akaunti yake ikafungwa na tathmini zake zote, hata zile za kweli alizoziandika kwa moyo, zikafutwa.

Hili si suala la maadili peke yake. Amazon ilipiga marufuku tathmini zilizonunuliwa kwa bidhaa au punguzo tangu Oktoba 2016, isipokuwa kupitia Vine, na imekwisha kuwapeleka mahakamani wauzaji wa tathmini feki; mwaka 2015 iliwashtaki zaidi ya watu elfu moja waliokuwa wakiziuza kwa bei ya chee. Marekani, kanuni ya Tume ya Biashara ya Shirikisho dhidi ya tathmini feki ilianza kutumika tarehe 21 Oktoba 2024, na faini yake ilipoanza iliweza kufikia dola 51,744 kwa kosa moja. Uingereza nayo imezipiga marufuku kwa sheria iliyoanza kufanya kazi Aprili 2025. Anayekuambia kwamba kila mtu anafanya hivyo huenda hajasoma habari za karibuni.

Na kuna kilicho kibaya zaidi ya hicho, maana hapo hata bidhaa haipo. Unatumiwa ujumbe na mtu usiyemjua: kazi rahisi ya nyumbani, kubonyeza na kuzipa nyota bidhaa kwenye programu fulani. Unabonyeza, salio linapanda, unaruhusiwa kutoa kidogo na kinafika kweli. Kisha unaambiwa umepata kundi la kazi zenye malipo makubwa, ila salio lako limeingia hasi, hivyo weka fedha kwanza ili uendelee, mara nyingi kwa sarafu za kidijitali ambazo zikishaondoka hazirudi. Ukiweka, hasi inaongezeka. Kile kidogo cha mwanzo kilikuwa chambo. Shika hili hata ukisahau mengine yote: hakuna kazi ya tathmini ambayo mwandishi hutanguliza fedha ili alipwe. Nimeshaandikiwa na watu waliokuwa wamekopa kwa ndugu ili "wafungue" salio lao, na sikuwa na la kuwaambia zaidi ya kuacha hapohapo walipofika, wasitume tena hata senti.

Mlango wa tatu ndio ulionilisha, nao ndio nitakaokaa nao zaidi.

Kamisheni inafanya kazi hivi. Unaweka linki maalumu kwenye maandishi yako. Msomaji akiifungua na kununua dukani huko, duka linakukatia asilimia. Mpango wa Amazon ulianza mwaka 1996, na maduka mengi yana ya kwao yanayofanana nao. Masharti ndiyo yenye miiba. Kwenye mpango wa Amazon, dirisha la kuhesabiwa ni saa 24 tangu msomaji afungue linki. Akilala juu ya wazo lake siku mbili kisha arudi mwenyewe, umeandika bure. Mgeni anatakiwa apate angalau mauzo matatu yanayokubalika ndani ya siku 180, la sivyo akaunti hufungwa. Huruhusiwi kununua kupitia linki yako mwenyewe. Msomaji akirudisha bidhaa, kamisheni inarudishwa nayo. Na fedha haiji mwezi huohuo, huja kama siku 60 baada ya mwezi wa mauzo kwisha, kwa hiyo anayeanza leo asipange kulipia kitu cha mwezi ujao kwa kamisheni.

Tena asilimia si mali yako. Aprili 2020 Amazon ilipunguza viwango vya makundi mengi ya bidhaa kwa waandishi wa Marekani. Samani na vifaa vya kukarabati nyumba vilishuka kutoka asilimia 8 hadi 3. Mtu aliyeandika juu ya viti na meza tu aliamka akiwa na kazi ileile, wasomaji walewale, na chini ya nusu ya kipato. Ndiyo maana sasa kwa kila bidhaa ninayoisifu naweka linki za maduka zaidi ya moja. Inamsaidia msomaji kulinganisha bei, nami sitegemei kikao cha watu nisiowajua.

Lakini mwiba mkubwa uko kwenye hesabu yenyewe. Asilimia ya kitu ghali ni kubwa kuliko ya kitu rahisi, na asilimia ya "usinunue" ni sifuri. Hakuna anayekuambia usifu kilicho ghali. Kompyuta inakuambia, kila unapofungua ripoti ya mauzo na kuona kipi kilileta nini. Usiku ukiwa umechoka na bili ziko mezani, kidole chenyewe kinaandika "ukiweza kuongeza kidogo, chukua hili kubwa". Nilipojikamata nikiandika sentensi ya namna hiyo nilijiwekea utaratibu ambao nimeufuata hadi sasa: hukumu ya bidhaa naiandika na kuifunga kabla sijaenda kuangalia kama ina kamisheni na ni kiasi gani. Utaratibu wa kizamani, lakini umenifaa kuliko ahadi nilizojipa za kuwa mwaminifu.

Acha nieleze birika moja la umeme, maana ndilo lililonifundisha bei ya tathmini mbaya. Lilikuwa la bei ya juu, zuri kutazama, lina sifa kila mahali. Nililinunua. Nikapima kwa njia ya kawaida: maji kiasi kilekile, yaliyokaa chumbani usiku kucha ili joto la kuanzia lilingane, saa ya simu pembeni, na birika langu la zamani likishindana nalo. Lilichemsha haraka, hilo sikulinyima. Kwa siku ya kwanza ningeliandikia sifa tupu. Tatizo lilikuwa kwenye kifuniko. Unabonyeza kitufe kilicho juu ya mpini, na kifuniko kinafyatuka kwa nguvu ya springi. Ukikifungua mara tu baada ya maji kuchemka, matone ya mvuke yaliyojikusanya upande wa ndani yanarushwa moja kwa moja kwenye kifundo cha kidole gumba, palepale kidole kilipo kwa sababu kitufe kimekilazimisha kiwe hapo. Mara ya kwanza unadhani bahati mbaya. Wiki ya pili unaanza kufungua kwa kitambaa. Dirisha la kuonyesha kiasi cha maji nalo lilikuwa upande mmoja tu, anayetumia mkono wa kushoto halioni akiwa anajaza. Hakuna hata moja kati ya haya lililoandikwa kwenye boksi, na tathmini nilizozikuta zilikuwa zimeandikwa ndani ya wiki ambayo birika lilitoka.

Niliandika kwamba lisinunuliwe, nikaweka picha za kifuniko na video fupi ya matone yakiruka. Kamisheni ya birika hilo: hakuna. Kilichofuata kwanza ni baruapepe kutoka kwa mtu aliyejitambulisha kuwa wa upande wa watengenezaji, akitaka ukurasa uondolewe na akitaja mwanasheria katika sentensi ya pili. Mikono ilinitetemeka, sitadanganya. Nililala juu ya jibu usiku mmoja, kisha nikamtumia picha zenye tarehe, risiti, na maelezo ya nilivyopima, nikamwambia kama kuna jambo la uongo aonyeshe nitasahihisha siku hiyohiyo. Hakujibu tena. Tangu hapo kila kitu ninachokitathmini kina folda yake: risiti, picha ya siku ya kwanza, picha za kila mwezi, vipimo. Folda hiyo ndiyo wakili wangu.

Cha pili kilichofuata sikukitegemea. Watu waliokuwa wanalitafuta birika hilo walifika kwenye ukurasa wangu, wakasoma, wakaniandikia kuuliza: basi tununue lipi? Walikuwa na hela mkononi na sababu ya kuniamini. Nikaandika ulinganisho wa mabirika niliyokwisha kuyatumia, nikauunganisha kwenye ile tathmini mbaya, na ukurasa huo wa pili ukawa unaniletea kipato kwa muda mrefu kuliko chochote nilichokuwa nimekisifu. Sisemi ukweli hulipa kila mara. Nina tathmini mbaya nyingine ambazo hazijaleta kitu hadi leo. Ila ukiandika "usinunue", usimwache msomaji mlangoni. Mwambie nani hasa hakitamfaa, nani anaweza kukivumilia, na kipi kingine umekijaribu.

Upimaji ndio unaokula muda, na ndio usioonekana kwenye hesabu za wanaojisifu kwamba wanaandika tathmini tano kwa siku. Tano kwa siku maana yake hujagusa kitu. Unaziona kwa harufu: sifa zilezile za ukurasa wa muuzaji zimegeuzwa maneno, uzito, urefu, rangi tatu, kisha orodha ya faida na hasara ambapo hasara ni kwamba "haipatikani kwa rangi nyingi". Aprili 2021 Google ilianza kutanguliza tathmini zinazoonyesha kwamba mwandishi alikishika kitu chenyewe: picha zake, vipimo vyake, ulinganisho na vinavyoshindana navyo. Mwishoni mwa 2022 uzoefu wa mtu mwenyewe ukaongezwa kwenye mambo wanayoyaangalia wakaguzi wake wa ubora. Ukiacha injini za kutafuta kando, msomaji naye ana pua.

Mimi natafuta vitu vitatu. Kwanza, kile kinachoudhi baada ya mapenzi ya siku za mwanzo kwisha. Hedifoni, kwa mfano, hazisemi ukweli wao dukani. Zinausema ngozi ya bandia inapoanza kubanduka na kuacha vipande vyeusi sikioni. Pili, sehemu inayochakaa, na kama inauzwa peke yake au utalazimika kununua kitu kizima. Tatu, ule wakati ambao kitu kimeharibika na unahitaji huduma: warranti inadaiwa vipi, wanajibu baada ya muda gani, gharama ya kukituma ni ya nani. Hilo la tatu karibu hakuna anayeliandika, kwa kuwa anayeandika ndani ya wiki moja hajafika huko. Ukifika, andika, hata kama tathmini yako ilishachapishwa zamani. Nyongeza yenye tarehe mpya chini ya tathmini ya mwaka jana ina uzito kuliko tathmini mpya nzima.

Kuna taasisi mbili ninazozitumia kama mizani kila ninapochanganyikiwa. Consumer Reports ya Marekani imekuwepo tangu 1936. Hununua kila inachokipima, haipokei matangazo, na sehemu kubwa ya fedha zake hutoka kwa wanaoisoma na wafadhili. Wirecutter, tovuti ya tathmini za bidhaa, ilianzishwa 2011, ikaishi kwa kamisheni za linki, na mwaka 2016 gazeti la New York Times likainunua kwa zaidi ya dola milioni 30. Kwa hiyo kamisheni peke yake haimfanyi mtu mwongo. Ila mtu mmoja mmoja hana maabara wala mhariri wa kumshika shati, na tusijidanganye kwamba tuko sawa nao.

Hapo ndipo mlango wa nne ulipoingia, kuandikia tovuti za watu wenye wahariri. Malipo yake yanajulikana mapema, na hilo peke yake ni pumziko. Tovuti ya kwanza iliyonitafuta ilitaka orodha za "vitu kumi bora" bila kunipa hata kimoja cha kushika. Walisema maelezo yako kwenye kurasa za wauzaji. Nilikataa, ingawa mwezi huo ulikuwa mkavu, na wakampata mwingine kabla jua halijazama. Sasa nina maswali ninayomuuliza mhariri kabla ya bei: bidhaa ananunua nani, baada ya kuandika inarudi au inabaki, nina wiki ngapi za kuitumia, na nikikuta haifai mtachapisha? Kwenye swali la mwisho sikiliza kimya kabla ya jibu. Bei nayo ihesabu pamoja na wiki za kupima. Malipo kwa neno yanaonekana manono mpaka ukumbuke kwamba kuandika ndiyo sehemu fupi ya kazi.

Kuhusu kutaja maslahi yako, sipendi ubishi. Sema juu kabisa, kabla ya linki ya kwanza, kwa maneno ambayo mtu aliyechoka atayaelewa: nimepewa bidhaa hii bure, au nitapata kamisheni ukinunua kupitia linki hizi. Kuificha chini ya ukurasa kwa herufi za kijivu hakukubaliki kwa miongozo ya Marekani, ambayo tangu 2009 imewataja wanablogu waziwazi. Nilikuwa na hofu kwamba itawafukuza wasomaji. Waliofukuzika sikuwaona. Niliowaona ni walioniuliza kwa nini fulani na fulani hawasemi.

Na kodi: kamisheni ni kipato. Tangu mwanzo tenga akaunti yake, na andika gharama za bidhaa ulizozinunua kwa ajili ya kupima pamoja na ulichokipata ulipoziuza baadaye. Mimi vingi naviuza vikiwa vimetumika, kwa kueleza kasoro zake zote, na huo nao umekuwa mfereji mdogo wa fedha.

Sasa gharama ambayo hakuna risiti yake. Kuna msimu idadi ya wanaonisoma ilianguka kwa kishindo, kwa sababu mpangilio wa matokeo ya utafutaji ulibadilishwa mahali fulani na watu wasiojua kwamba nipo. Kurasa zilezile, picha zilezile. Nilikuwa naamka usiku kuangalia takwimu, jambo ambalo halikuongeza msomaji hata mmoja na liliniharibia asubuhi zote. Siku hizi mtu anaweza kupata muhtasari ulioandaliwa na akili bandia juu ya matokeo, wenye mambo niliyoyagundua mimi kwa mikono yangu, asihitaji kufungua ukurasa wangu. Kilichonishikilia ni wasomaji wachache walionipa anwani zao za baruapepe ili niwatumie tathmini mpya. Anza kuzikusanya mapema, kwa hiari yao, hata kama ni watu wa kuhesabika kwa vidole. Ila soma masharti ya kila mpango kabla ya kuweka linki ndani ya baruapepe. Si kila mpango unaoruhusu, hivyo mimi huwaelekeza kwenye ukurasa.

Nikipata mwezi mzuri, kazi hii hunilipia gharama za nyumba. Nikipata mbaya, hunilipia intaneti. Kwa sababu hiyo sijaacha kazi yangu nyingine, na anayekuuzia kozi ya kukuonyesha jinsi ya kuacha yako, muulize kipato chake kinatoka kwenye tathmini au kwenye kozi.

Ukitaka kujaribu, usinunue kitu. Chukua ulichokaa nacho zaidi ya mwaka, ikiwezekana kile ambacho umeshakipeleka kwa fundi. Kipige picha kilivyo leo, na mikwaruzo yake, bila kukifuta vumbi kwanza. Andika ulikinunua lini, ulidhani kitafanya nini, kilikuangusha wapi, na kama kingepotea kesho ungenunua kilekile. Weka kwenye faili lako kabla ya kukibandika popote. Kisha tafuta tathmini nyingine za kitu hichohicho uone wangapi wameandika baada ya mwaka.